Chembe ya moyo haiko moyoni

Mgonjwa wangu wa kwanza, nilipoingia wodini mwaka wa 3 wa shahada ya udaktari, alikuwa mama wa makamo, mkulima, aliyelazwa wodi ya magonjwa ya ndani. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamuuliza kilichomleta.

"Mwanangu, ni chembe ya moyo," akasema. "Usiku ndiyo inazidi. Nikila kidogo inatulia, halafu inarudi."

Nikaandika kwenye faili, kwa Kiingereza, kwamba mgonjwa ana maumivu ya moyo. Kesho yake asubuhi madaktari walipozunguka kitanda chake nikasimama kumwasilisha, na magonjwa ya mishipa ya moyo nikayataja moja baada ya jingine. Daktari bingwa alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akainama kwa yule mama. "Shikamoo, mama. Hebu niwekee kidole hapo panapouma." Mama akaweka kidole chini ya ncha ya mfupa wa kidari. Lilikuwa tumbo. Moyo wake ulikuwa mzima kabisa, na kilichomnyima usingizi kilikuwa kidonda cha tumbo.

Neno lile nilikuwa nalijua. Bibi yangu alilitumia kila alipokula kitu kikamkaa vibaya. Kama angelisema yeye, jikoni kwetu, nisingefikiria moyo hata kidogo. Lakini nilikuwa nimetumia miaka 2 kujifunza mwili wa binadamu kwa Kiingereza, na nilipokisikia Kiswahili wodini sikukisikiliza tena kama mtu aliyezaliwa nacho. Nilikitafsiri neno kwa neno ili kiingie kwenye fomu. Daktari bingwa yule naye alisoma kwa Kiingereza kama mimi. Tofauti yetu ni kwamba yeye, kwa miaka mingi na kwa makosa ambayo hakuniambia, alikuwa amejifunza njia ya kurudi.

Shahada zetu za afya humfundisha kijana ugonjwa kwa Kiingereza, kisha humpeleka kwa mgonjwa anayesema Kiswahili, na katikati ya hapo hakuna anayemwonyesha njia. Tunadhani kwa kuwa ni Mtanzania ataipata mwenyewe. Wengi huipata, lakini kwa gharama ya wagonjwa. Mimi nasema kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili ni ujuzi wa kitabibu kama ulivyo ujuzi wa kusikiliza mapafu, na kama ni ujuzi basi ufundishwe, usimamiwe wodini, na utahiniwe.

Kwa asiyeijua njia yenyewe: shahada ya udaktari Tanzania ni miaka 5, na baada yake kuna mwaka 1 wa mazoezi hospitalini, ule wa uintani. Famasia na uuguzi ni miaka 4, nazo zina mwaka wa mazoezi. Iwe chuo cha Muhimbili, Bugando, KCMC ya Moshi, Dodoma au Mbeya, miaka 2 ya mwanzo ya udaktari huliwa na anatomia, fiziolojia, baiokemia na ndugu zao. Kijana aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili kwa miaka 7, akakutana na Kiingereza kidato cha kwanza, sasa anakesha na majina ya Kilatini na Kigiriki ya mifupa 206. Anashinda na desa, yaani nukuu za masomo, mkononi. Anaogopa sapu, ule mtihani wa marudio, na kudisko, yaani kufukuzwa chuo kwa kufeli, anakuogopa zaidi. Hana nafasi ya kujiuliza mfupa huu mama yake anauitaje. Kidogo kidogo mwili anaoujua kwa Kiswahili na mwili anaousoma kwa Kiingereza vinakuwa miili 2 tofauti kichwani mwake, na mtihani unauliza mmoja tu.

Mwaka wa 3 anaingia wodini na kuanza kuklaki wagonjwa, yaani kuwahoji, kuwapima na kuwaandikia historia. Anauliza kwa Kiswahili, anaandika kwa Kiingereza, anawasilisha kwa Kiingereza mbele ya kitanda, anasahihishwa kwa Kiingereza, na maagizo ya tiba yanatolewa kwa Kiingereza. Mgonjwa yupo pale pale. Amelala katikati ya watu 12 wanaozungumza juu ya ini lake, na macho yake yanahama kutoka uso mmoja hadi mwingine akijaribu kusoma huko asichoweza kusikia. Akinasa neno, ni lile analolijua: kansa, opresheni. Msafara ukihamia kitanda cha jirani, anamwita muuguzi, na kama muuguzi ana shughuli anamwita mhudumu anayepiga deki. "Wamesemaje?"

Swali hilo nimelisikia katika kila wodi niliyofanya kazi. Wanaolijibu ni wauguzi na wahudumu, watu ambao hakuna aliyewaandaa kwa kazi hiyo wala anayewalipa kwa ajili yake, na mara nyingi wanalijibu vizuri kuliko ambavyo sisi tungelijibu.

Nirudi kwenye maneno, maana hapo ndipo madhara yanapoonekana waziwazi. Katika masomo ya uzazi, Kiingereza cha kitabibu kina neno moja, abosheni, kwa mimba iliyotoka yenyewe na kwa mimba iliyotolewa. Mwanafunzi anajua kwamba lazima aulize idadi. Analichukua neno lile na kulitafsiri alivyozoea kulisikia mtaani: "Umewahi kutoa mimba mara ngapi?" Anayeulizwa ni mwanamke aliyepoteza mimba 2 alizozitamani, na jambo analotajiwa ni kosa la jinai katika nchi yetu isipokuwa pale maisha ya mama yanapookolewa. Nimemwona mwanamke akigeuza uso ukutani baada ya swali hilo, na baada ya hapo hakuna historia iliyopatikana tena, si ya mimba, si ya damu, si ya kitu chochote. Kiswahili kina maneno ya kutosha hapo: mimba kuharibika, mimba kutoka. Kinatenganisha kile ambacho Kiingereza cha faili kinachanganya. Mwanafunzi hakukosa neno. Hakufundishwa kwamba tofauti hiyo ni sehemu ya tiba.

Au chukua swali la mzio wa dawa. "Huna mzio na dawa yoyote?" Mgonjwa anajibu, "Ndiyo." Kwa Mswahili amesema ndiyo, ni kama ulivyosema, sina. Kwa mwenye fomu ya Kiingereza kichwani, "ndiyo" inaangukia kwenye kisanduku cha kuwa nao. Na akijibu "hapana", hapo hata Waswahili wenyewe watabishana amekana nini. Tiba yake ni nyepesi na inaweza kufundishwa kwa dakika 10: usiulize kwa kukanusha, na usitegemee neno mzio, ambalo wengi hawalitumii. "Kuna dawa yoyote uliyowahi kutumia ukavimba, au ukawashwa mwili mzima, au pumzi ikabana?" Swali hilo sikulipata katika somo lolote la chuo. Alinifundisha muuguzi wa zamu ya usiku.

Vivyo hivyo saa. Mgonjwa anasema maumivu yalianza saa 3 usiku. Faili linataka 21:00. Mwanafunzi aliyekesha, akiandika haraka kabla ya kukabidhi zamu, akiandika 3 kama alivyosikia, anayesoma asubuhi ataelewa alfajiri, na katika kiharusi au ujauzito uliotunga nje ya kizazi saa 6 hizo zina uzito wake. Kifua nacho kina maana nyingi: ni sehemu ya mwili, ni kikohozi, ni pumu, na kwa wengine "ana kifua" ni njia ya staha ya kusema kifua kikuu. Mguu unaanzia kwenye nyonga hadi kwenye vidole. Homa inaweza kuwa joto la mwili, mafua, au malaria. Na siku hizi kila anayechomwa na mkojo, anayeumwa kiuno na anayejisikia kuchoka anakwambia ana UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, kwa sababu ndivyo alivyoandikiwa duka la dawa mara ya mwisho.

Wenzetu wa maabara na famasia wamo humu humu. Kipimo cha kifua kikuu kinategemea makohozi, yale yanayotoka ndani ya kifua kwa kukohoa kwa nguvu asubuhi. Mgonjwa asipoelezwa vizuri analeta mate, kipimo hakioni kitu, naye anarudi nyumbani kuambukiza watoto. Tofauti ya makohozi na mate kila Mswahili anaijua. Kinachotakiwa ni mtu wa maabara aliyefundishwa kuitamka, kuionyesha kwa vitendo, na kutoona aibu kukohoa mbele ya mgonjwa ili amwonyeshe. Kwa upande wa famasia kuna bahasha ya dawa iliyoandikwa 1x3, na mtoa dawa anayesema "kutwa mara 3". Kutwa, kwa msikilizaji makini, ni kuanzia jua kuchomoza hadi kuzama. Anayekula mlo mara 2 kwa siku ataimeza mara 2. Mwingine atameza zote 3 kabla ya magharibi, kisha usiku mzima mwili wake uko bila dawa. Ni tofauti kabisa ukimwambia: saa 12 asubuhi ukiamka, saa 8 mchana, na saa 4 usiku kabla ya kulala. Na Ramadhani ikifika, zungumza naye upya.

Majibu ya vipimo yana mtego wake. Tuliofundishwa hesabu tunajua chanya na hasi. Katika Kiswahili cha kila siku mtazamo chanya ni mzuri na tabia hasi ni mbaya. Mweleze mtu kwamba majibu yake ya VVU ni chanya, bila neno jingine, halafu mwangalie usoni. Washauri nasaha wetu waliligundua hili zamani na wakazoea kusema "una maambukizi" au "hatujaona maambukizi". Maarifa hayo yapo kwenye vyumba vya ushauri nasaha. Hayajapanda ngazi kuingia kwenye mtaala wa shahada.

Zaidi ya maneno kuna adabu, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo vijana wetu wanapoumia kuliko wanavyokiri. Kiswahili kina tabaka za staha. Mambo ya choo, ya hedhi, ya ndoa, ya viungo vya uzazi, yote yana jina la kitabu, jina la mtaani, na katikati yake jina la heshima ambalo mtu mzima humwambia mtu mzima: haja kubwa na haja ndogo, kuona siku zake, kukutana kimwili, nguvu. Binti wa miaka 23 anatakiwa amuulize mzee wa miaka 70 kutoka Kilwa kama mkojo wake unatoka kwa shida na kama bado anamudu tendo la ndoa. Jina la kitabu linamfanya mzee amshangae. Jina la mtaani ni tusi. Jina la heshima binti amelisikia kwa mbali, mazungumzo ya wakubwa, na nyumbani alifundishwa kuondoka watu wazima wanapozungumza hayo. Malezi yake mema yanamziba mdomo. Basi anaruka swali, na kwenye faili anaandika kwamba hakuna tatizo. Tezi dume inaendelea kukua.

Wala si kwamba mzee asingejibu. Anayeanza kwa shikamoo, akakaa chini ili asimsemeshe mzee kwa kumwinamia, akasema jina lake na kwamba ni mwanafunzi, kisha akaomba ruhusa ("Mzee, nina maswali mengine ni ya ndani kidogo, naomba uniwie radhi, yanasaidia kujua ugonjwa"), huyo ataambiwa mambo ambayo daktari mwenye haraka hatayapata kwa mwezi mzima. Ruhusa hiyo ni kifaa cha uchunguzi. Lugha yetu imekuwa nayo kwa karne nyingi, nasi hatujaiandika hata kwenye ukurasa mmoja wa mwongozo wa wanafunzi.

Kuna pia majina ya maradhi yanayobeba imani. Mama anapoleta mtoto na kusema alipata degedege, hajataja tu mtukutiko. Kwa familia nyingi za Pwani degedege imehusishwa na shetani, na wapo wanaoamini kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano atakufa. Malaria kali ya kichwani inatambuliwa na mama huyo kwa jina hilo. Mwanafunzi anayesikia neno na kuandika mtukutiko amepata nusu ya habari. Nusu nyingine ni kwamba huenda mtoto amepitia kwa mganga kwanza, amepoteza siku, na mama anaogopa bomba la sindano lililo mkononi mwake. Akilijua hilo ataeleza kabla ya kuchoma. Asipolijua atashangaa asubuhi kukuta kitanda kitupu.

Nimeshasikia jibu la kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya tiba. Historia yetu wenyewe inalikataa. Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, kwa redio na vikundi vya kujisomea, na watu wazima wapatao milioni 2 walijifunza kuhusu malaria, kichocho, minyoo na vyoo, wengi wao wakiwa ndiyo kwanza wamejua kusoma. Walichimba vyoo baada ya masomo yale. Miaka ya 80 ulipofika ugonjwa mpya usio na jina, Waswahili waliupatia jina linaloeleza kinachotokea mwilini: Upungufu wa Kinga Mwilini, UKIMWI. Msikilizaji asiye na darasa hata moja analisikia jina hilo na kuelewa kwamba kinga imepungua. Anayesikia kifupi cha Kiingereza anasikia herufi 4. Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, eneo ambalo kwa miongo tuliambiwa haliwezekani.

Hata hivyo sitaki makala haya yaingizwe kwenye ugomvi mkubwa wa lugha ya kufundishia. Ugomvi huo una haki yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilisema Kiswahili kitumike kufundishia katika ngazi zote, na wapo wanaotaka hata udaktari usomeshwe hivyo. Damascus wamekuwa wakifundisha udaktari kwa Kiarabu tangu 1919, kwa hiyo jambo lenyewe si ndoto. Wengine wanajibu kwamba vitabu, utafiti na ajira za nje viko kwa Kiingereza, na hawakosei. Lakini tangu shule ya udaktari ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 1963, ikawa kitivo cha chuo kikuu mwaka 1968, ikawa chuo kishiriki cha Muhimbili mwaka 1991 na chuo kikuu kamili mwaka 2007, tumesubiri ugomvi huo uishe ndipo tushughulike na mgonjwa. Hauishi. Na kwa kuwa kila upande unataka yote, lile dogo linalowezekana mwaka huu halimpati msemaji. Kijana anaweza kusoma baiokemia kwa Kiingereza mpaka mwisho wa dunia na bado afundishwe kumwambia mama kwa Kiswahili kwamba mtoto wake ana seli mundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi.

Nimelitaja seli mundu kwa makusudi. Inakadiriwa kwamba watoto wapatao 11,000 huzaliwa nao kila mwaka Tanzania. Mwanafunzi wa mwaka wa 2 anaweza kukuchorea jinsi unavyorithiwa. Sasa mweke mbele ya baba na mama. Anasema, "Ni ugonjwa wa kurithi." Baba anauliza swali ambalo kila baba huuliza: umetoka ukoo gani? Na macho yake yako kwa mke. Hapo ndoa inaweza kuvunjika kwa sentensi iliyokuwa sahihi kisayansi. Inahitajika lugha iliyopangwa mapema: kwamba kila mmoja wenu amebeba nusu, na nusu moja haimuumizi mtu, ndiyo maana hamkujua, kwamba mtoto huyu alipokea nusu ya baba na nusu ya mama, kwamba kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4, na mimba iliyopita haipunguzi wala haiongezi nafasi ya inayokuja. Maneno yote hayo ni mepesi. Kuyapanga hivyo, kwa mpangilio huo, kwa kumtazama baba kwanza, ndiyo kazi, na kazi hii hufundishwa kwa kufanywa na kusahihishwa kama ushonaji wa kidonda.

Walio nje wamefanya zaidi yetu kwa lugha zenye wasemaji wachache kuliko Kiswahili. Chuo Kikuu cha Cape Town, Afrika Kusini, kiliingiza isiXhosa na Afrikaans katika shahada ya udaktari tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa sababu daktari asiyeelewana na mgonjwa ni hatari. Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, huko huko, kiliamua mwaka 2014 kwamba mwanafunzi mpya wa fani yoyote asiyejua isiZulu atajifunza. Wao wanawafundisha wageni wa lugha. Sisi tuna darasa zima la wenye lugha, na hilo ndilo limetudanganya kwamba hakuna cha kufundisha. Lubumbashi na Bukavu nchini Kongo, ambako udaktari husomwa kwa Kifaransa na wagonjwa wengi husema Kiswahili, mwanafunzi yuko katika shimo hilo hilo.

Pingamizi moja nalipokea bila ubishi: Kiswahili si lugha ya kwanza ya kila mgonjwa. Bugando inapokea bibi wa Kisukuma aliyesahau Kiswahili chake kidogo tangu augue, KCMC inapokea wazee wa Kimasai, na huko Manyara kuna Wairaqw na Wadatoga. Somo ninalolitaka lazima liwe na sehemu ya kufanya kazi na mkalimani: namna ya kumtazama mgonjwa na si mkalimani, kwa nini mtoto wa kiume asitumiwe kumuulizia mama yake mambo ya uzazi, na kumshukuru muuguzi anayejua lugha ya kijijini kwa kumwandika kwenye faili kama sehemu ya timu.

Na pingamizi la mtaala kujaa? Umejaa kweli. Lakini hili halihitaji maabara, maiti ya kusomea wala mashine ya mkopo. Linahitaji wiki chache kati ya mwaka wa 2 na wa 3, kabla ya kuingia wodini, na walimu wake wapo: wauguzi wakongwe, washauri nasaha, wakunga, wataalamu wa Kiswahili wanaojua tofauti ya kuwasha, kuwaka na kuchoma. Wodini linahitaji kanuni moja: kila anayewasilisha mgonjwa kwa Kiingereza kwa mwalimu wake amgeukie mgonjwa na kumwasilishia tena kwa Kiswahili, kwa dakika 2, mwalimu akisikiliza na kusahihisha. Mgonjwa anayeruhusiwa apewe nusu ukurasa kwa Kiswahili: ulikuwa na nini, tumefanya nini, dawa hizi ni za nini, rudi ukiona nini. Mwanafunzi auandike, daktari ausaini.

Bila mtihani hakuna litakalofanyika, na wanafunzi wangu wataniwia radhi kwa kulisema. Anayesoma udaktari husoma kinachoulizwa. Kwa hiyo naomba kituo kimoja tu katika mtihani wa vitendo wa mwaka wa mwisho, ule wa kuzunguka vituo kwa kengele. Mgonjwa awe mtu wa kuigiza asiye mtaalamu wa afya. Mtahini awe muuguzi. Kadi ya mlangoni ningeiandika hivi:

Kituo cha 7. Dakika 8. Mama ana miaka 58, ni mkulima, alisoma hadi darasa la 4. Kinyama kilichochukuliwa kwenye shingo ya kizazi kimeonyesha saratani, na anatakiwa kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani. Amekuja na mwanawe wa kiume. Mwamkie. Jua kwanza angependa nani awepo mnapozungumza. Mweleze majibu na hatua inayofuata bila neno lolote la Kiingereza. Kabla ya kengele, mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake, alichoelewa. Alama ni 20. 10 kati ya hizo zitatokana na maelezo yake.